Sura za watu kwenye kompyuta ya duka langu

Nina stesheneri ndogo Mtwara mjini, si mbali na soko kuu. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti saizi, nawajazia vijana maombi ya kazi na ya mikopo ya chuo. Kwa hiyo kazi ya kutazama sura ya mtu na kuilinganisha na kitambulisho chake nilidhani naijua. Nilikuwa siijui. Naandika kwa sababu kila baada ya muda nasikia kikundi kingine kimeanza kuwataka wanachama wake watume picha "kwa ajili ya usalama", na kila nikisikia moyo unanienda mbio, maana nakumbuka tulipojikwaa sisi na aliyeumia.

Mtandao wetu ulianza mwaka 2019. Kijana wa Lindi aliyekuwa akisoma Dodoma aliutengeneza kwa ajili ya watu wa Kusini walioko mbali na nyumbani. Unafungua akaunti, unaweka picha yako, unaandika kijiji chako na ukoo wako, unaanza kutafutana na ndugu. Humo watu wamekutana na wenzao waliosoma nao Nachingwea zamani. Wengine wamepata wachumba. Msimu wa korosho ukifika, mtu wa Tandahimba anamwambia wa Masasi mnada wa kwao umefikia shilingi ngapi kwa kilo. Tulikuwa wasimamizi watano, wote wa kujitolea, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Novemba 2021, minada ikiwa imepamba moto na watu wana fedha mkononi, mtu alifungua akaunti kwa jina na picha ya muuguzi mmoja mwanachama wetu. Akaandika kwamba mwanawe amezidiwa na anapelekwa Muhimbili, akaweka namba ya simu ya kupokelea michango. Jina lililojitokeza wakati wa kutuma fedha halikuwa la yule muuguzi. Waliouliza waliambiwa ni la shemeji yake. Kwa siku mbili zilichangwa shilingi 480,000, na 20,000 kati ya hizo zilikuwa zangu.

Muuguzi mwenyewe alikuwa kijijini huko Liwale, mahali ambapo mtandao unapatikana ukipanda kilima. Alijua siku ya nne. Aliponipigia alikuwa analia hata maneno hayatoki: "Dada, watu watasema nimemuuguza mwanangu kwa uongo." Alitaka auze mbuzi awarudishie watu fedha zao. Ilituchukua jioni nzima kumzuia.

Tulikwenda polisi tukapewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu. Ile namba tuliituma kwenda 15040, inakopokelewa taarifa za utapeli wa simu. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na nashauri yeyote litakalomfika aripoti siku hiyohiyo akiwa na namba, jina lililojitokeza na picha za skrini. Fedha hazikurudi.

Wanachama wakasema sasa basi, kila mtu athibitishwe kwa picha. Kazi nikapewa mimi, kwa kuwa "wewe ndiye mtu wa picha". Niliandika masharti usiku mmoja, bila kumuuliza mtu. Kila mwanachama atume picha akiwa ameshika karatasi iliyoandikwa jina lake na tarehe ya siku hiyo, pamoja na picha ya kitambulisho cha NIDA. Uso wote uonekane, pasipo kofia wala ushungi. Asiyetuma ndani ya saa 48 akaunti yake inafungwa. Nilipomaliza nilijiona nimefanya kazi nzuri sana. Karibu kila neno katika masharti yale lilikuja kumuumiza mtu.

La NIDA ndilo lililoanza. Wengi walikuwa na namba tu, kadi hawajapata, wakawa wanapiga picha kikaratasi chenye namba. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mtu. Nilikuwa nimekusanya namba, tarehe za kuzaliwa, majina matatu matatu na sura za watu zaidi ya 300, kwa kazi ambayo haikuhitaji hata kimoja cha hivyo isipokuwa sura. Tapeli akipata mzigo kama ule hana haja ya kutafuta kitu kingine. Tangu siku hizo kila mtu anayeniletea kitambulisho nikitoe kopi namwambia abonyeze *106# aone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Wapo waliokuta laini wasizozijua.

Halafu kuna babu wa Nanyamba.

Picha ya akaunti yake ilikuwa ya studio, nyeusi na nyeupe, aliyopigwa Tanga ujanani alipokwenda kukata mkonge. Aliingia kwenye mtandao wetu kuwatafuta wenzake wa kambi moja na watoto wao. Mjukuu wake alimpiga picha na karatasi mkononi, akatuma. Nikaikataa. Katika picha ya studio kulikuwa na kijana mwenye mashavu yaliyojaa na nywele nyingi, na hii ilikuwa ya mzee aliyekonda, hana nywele. Wakatuma nyingine, nikakataa kwa sababu ilikuwa na giza. Ya tatu nikaikataa kwa sababu maandishi ya karatasi yalikuwa kinyumenyume, nikadhani imechezewa. Ndipo akatuma ujumbe wa sauti. Sauti ya kizee, ya polepole: "Mwanangu, mimi nimekataliwa mambo mengi hapa duniani. Lakini kukataliwa kwamba mimi si mimi, hilo sijapata kuliona."

Nilikaa na simu mkononi mpaka mteja akanishtua. Nikafungua picha zote mbili, nikaziweka ubavuni. Babu ana nembo usoni, chale za Kimakonde zinazotoka kwenye pua kuelekea mashavuni na nyingine juu ya paji. Mistari ileile, pembe zilezile, upande wa kushoto umeachana kidogo na wa kulia. Zilikuwapo kwenye picha ya studio na zilikuwapo kwenye picha zote tatu nilizozikataa. Nilikuwa natazama nywele na mashavu, vitu ambavyo miaka huvichukua, nikaacha kutazama vile ambavyo havichukuliki.

Nilimpigia. Nilianza na shikamoo, kisha nikamwomba radhi. Akasema, "Marahaba, yamekwisha," akanieleza habari za mkonge kwa nusu saa.

Kwa wenzangu mtakaofanya kazi hii, hapo ndipo pa kutazama: umbo la sikio, umbali kati ya macho, mstari wa nywele kama bado upo, mwanya, kovu, baka, nembo. Unene, ndevu, rangi ya ngozi kwenye picha na mtindo wa nywele viacheni. Kamera za simu za bei nafuu zinamfanya mtu mmoja awe wa rangi tatu kwa siku. Na maandishi kuwa kinyumenyume si ushahidi wa lolote, kwa kuwa kamera ya mbele ya simu nyingi hugeuza picha kama kioo. Niliwakataa watu 11 kwa kosa hilo lisilo kosa. Kama picha ina giza, mwambie mtu asimame mlangoni asubuhi, uso uelekee nje na taa ya simu aizime. Mwanga wa mlangoni unatoa sura vizuri kuliko taa yoyote niliyo nayo dukani.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nalisimulia kwa uzito.

Picha zote nilizihifadhi kwenye folda moja katika kompyuta ya duka. Kompyuta hiyohiyo wateja wanakaa, wanachomeka flashi zao, wanachapa barua. Folda haikuwa na nywila. Nilishaidhinisha watu, kazi imekwisha, lakini sikufuta hata picha moja. Ukiniuliza nilikuwa nazitunzia nini, sina jibu. Nilidhani kutunza ndiko kuwa makini.

Machi 2022, saa moja asubuhi, nilipigiwa na dada mmoja wa Newala. Hakusalimu. Alisema, "Nitumie ile picha yangu nione kama bado unayo wewe peke yako." Kisha akanitumia alichokiona. Ilikuwa akaunti ya watu wanaojidai kutoa mikopo ya haraka, na sura yake imewekwa kama mteja aliyefanikiwa. Ile karatasi aliyoshika, niliyomwagiza mimi aishike, walikuwa wamefuta jina na tarehe wakaandika kwamba amepata milioni mbili bila dhamana. Kichwa chake kilikuwa wazi. Alipiga picha ile jioni, nyumbani kwake, amejifunga kanga, ushungi ameuvua kwa sababu masharti yangu yalimtaka auvue.

Mimi napiga picha za pasipoti. Najua fika kwamba ushungi haumzuii mtu kupigwa picha ya kitambulisho, ilimradi uso uonekane kuanzia paji hadi kidevu. Wateja wangu wa Chikongola na wa Mikindani nawapiga na ushungi wao kila siku. Niliandika lile sharti kwa sababu tu nilitaka nionekane mkali.

Shemeji zake walikuwa wameiona kabla yake. Mumewe alikuwa safarini. Mtaani walianza kumwuliza awaunganishe na mkopo, na wawili walikwishatuma "ada ya fomu" kwa wale matapeli kwa kuwa walimwona yeye pale. Akawa anadaiwa yeye.

Nani alizichukua picha zile mpaka leo sijui. Wateja wa flashi ni wengi, na sikuwa na njia ya kujua. Kumtafuta mwizi kusingebadilisha kwamba mlango niliuacha wazi mimi.

Siku ya pili yake nilipanda basi la alfajiri kwenda Newala. Kule juu asubuhi kuna baridi na ukungu, na nilitetemeka, ingawa nadhani si kwa baridi peke yake. Nilimkuta na mama mkwe wake. Nilieleza kila kitu mbele ya mama yule: nani aliandika sharti, picha ilikaa wapi, ilitokaje. Nilikuwa nimeandika barua yenye sahihi yangu na muhuri wa duka, ikieleza kwamba picha ilitumwa kwa ajili ya kuthibitisha uanachama na ikaibwa kwangu. Barua hiyo niliipitisha kwa mwenyekiti wa mtaa, akaisoma. Wale wawili waliotapeliwa niliwalipa, shilingi 35,000 kila mmoja. Nauli, fedha hizo na siku mbili za kufunga duka vilinifikisha kwenye laki moja na ushee, mwezi ambao biashara yangu ni ya kubangaiza. Mama mkwe aliniuliza swali moja tu: "Na za wengine ziko wapi?"

Zilikuwa bado ziko kwenye kompyuta. Nilikuwa nimekimbilia Newala na folda nimeiacha vilevile.

Nilimpigia mdogo wangu akaichomoa kompyuta umeme. Niliporudi nilifuta kila kitu, kisha nikaanza kugundua kufuta si jambo la mkupuo mmoja. Picha zilizokuja kwa WhatsApp zilikuwa zimejihifadhi zenyewe kwenye matunzio ya simu yangu. Kutoka hapo zilinakiliwa kwenye akaunti yangu ya Google. Zilizofutwa zilikaa kwenye kapu la taka la simu, ambalo hushikilia picha kwa mwezi au zaidi kabla ya kuzitupa. Nilipekua sehemu nne. Kisha tukawaandikia wanachama wote, mmoja mmoja, kwamba picha na namba zao zilikaa mahali pasipo salama kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani. Wasimamizi wenzangu wawili walipinga, wakasema tutazua hofu. Watu 41 walijitoa. Sijutii kuandika. Mtu akijua namba yake ya NIDA imezagaa anaweza kukagua laini zake. Asipojua hana la kufanya.

Tulisimamisha uthibitishaji kwa miezi mitatu. Tulipoanza upya, jambo la kwanza tulilolitupa lilikuwa karatasi. Niliiamini sana karatasi ile, na watu wengi bado wanaiamini. Lakini picha ya mtu anayetazama kamera ameshika karatasi ni kama hundi yenye sahihi isiyojazwa kiasi. Yeyote anaweza kuandika juu yake anachotaka. Tena haithibitishi sana kama inavyodhaniwa. Nilishapokea moja ambayo karatasi imepinda katikati na herufi zimenyooka kama rula, na kivuli cha vidole kinaishia ukingoni mwa karatasi. Karatasi ilikuwa tupu, maneno yamepandikizwa.

Siku hizi tunamtaka mtu afanye ishara ambayo hakuijua kabla: ashike sikio la kulia kwa mkono wa kushoto, aweke vidole vitatu kidevuni, afumbe jicho moja. Ishara inabadilika kwa kila mtu. Hata programu kubwa za kutafuta wachumba kama Bumble na Tinder zimetumia njia ya selfi za pozi, na sababu ni hiyohiyo: picha iliyoibwa haiwezi kushika sikio unapoiambia. Naongeza tahadhari moja. Zana za akili bandia sasa zinaweza kutengeneza picha ya mtu akifanya pozi lolote. Kwa hiyo nikiwa na shaka naomba simu ya video ya nusu dakika, namwambia ageuze kichwa taratibu upande hadi upande na apitishe mkono mbele ya uso. Hapo sura ya bandia huweza kukatika.

Kabla ya yote, picha ya akaunti inayotia shaka naitafuta kwanza kwenye Google kwa njia ya picha, au kwenye TinEye, tovuti ya kutafutia picha ilikowahi kuwekwa. Nimewahi kukuta "mfanyabiashara wa Ruangwa" ambaye sura yake ni ya mwanamitindo wa nchi nyingine. Isipoonekana popote, hilo halimaanishi ni ya kweli. Ya muuguzi wetu ingetafutwa isingeonekana, kwa sababu iliibwa ndani ya mtandao wetu wenyewe.

Jambo jingine ni namna ya kutuma. Binti mmoja wa Lindi alituma picha yake kama faili badala ya kama picha, akitaka isipoteze ubora. Nilipofungua maelezo ya faili lile nikakuta latitudo na longitudo za mahali alipopigwa, yaani nyumbani kwake. Alikuwa amemkimbia mtu na hakutaka ajulikane anaishi wapi. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp maelezo hayo huondolewa; ikitumwa kama faili hubaki. Sasa tunawaambia watu wazime mahali kwenye kamera kabla ya kupiga.

Wanawake wanathibitishwa na wanawake. Anayevaa nikabu anaonana na mmoja wetu ana kwa ana au kwa video, hakuna kinachohifadhiwa. Na yule asiyetaka picha kabisa, au mzee mwenye simu ya kitochi, anadhaminiwa na wanachama wawili wanaomjua kwa kumwona, mmoja wao awe wa kijiji chake. Mwanzoni niliiona njia hii kuwa dhaifu. Ndiyo iliyotuvusha Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Picha hazikupanda, lakini watu walipigiana simu za kawaida wakaulizana habari za ukoo, na tapeli hajui jina la utani la babu yako. Muda wa saa 48 nao tuliufuta. Tunatoa siku 14.

Mei 1, 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika. Mteja wangu mmoja mwanasheria alinieleza pale kaunta huku nikimtolea kopi. Unapokusanya taarifa za mtu umwambie unazitakia nini, uchukue zile tu zinazohitajika, usizitumie kwa jingine, usikae nazo kupita haja yake. Wakusanyaji wanatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nilisimama na karatasi mkononi. Yote aliyoyataja nilikuwa nimeyakiuka mwaka mmoja tu kabla yake, tena kwa nia njema.

Dada wa Newala alirudi mwaka uliofuata. Alikuwa amejitoa siku ileile ya Machi na sikutegemea. Nilimwandikia kwamba anaweza kudhaminiwa, picha si lazima. Akajibu atatuma picha. Nikampa ishara, akatuma ameweka kiganja shavuni, ushungi wa kijani umefungwa vizuri. Nikalinganisha, nikaidhinisha. Dakika hiyohiyo simu ya video ikaita.

"Geuza kamera nione," akasema. Nikaielekeza kwenye skrini, nikaifuta mbele yake.

"Na kwenye kapu."

Nikafungua kapu la taka, nikalimwaga.

"Na kwenye simu yako."

Nikachukua simu ya mdogo wangu ili aendelee kuona, nikamfungulia ya kwangu, matunzio kwanza, kisha kapu, kisha akaunti ya Google. Alitazama mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akaniuliza habari za duka.